Kelele za jirani kwenye ghorofa: isome sauti kwanza, mlango utagongwa baadaye

Mimi ni katibu wa kamati ya wakaazi kwenye jengo la ghorofa tano hapa Tudor, Mombasa, na daftari la malalamiko hukaa kwangu, juu ya friji. Lalamiko la kwanza kabisa mle ndani ni langu mwenyewe. Mama wa juu yangu alikuwa akigonga sakafu saa nane za usiku: kwa-kwa-kwa, anatulia, anaanza tena. Usiku wa tatu nikapanda, kikoi kiunoni na maneno nimeshayapanga. Nikakuta mlango una kufuli kwa nje. Keateka, mtunza jengo letu, akaniambia yule mama yuko Lamu harusini, wiki ya pili sasa. Na mimi nimesimama pale pale mlangoni pake, kwa-kwa-kwa inaendelea.

Lilikuwa bomba la maji. Nitalifikia.

Tangu siku hiyo mtu akiniletea kesi ya kelele simuulizi ni nani, namuuliza inasikikaje. Ndiyo sababu maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra.

Kabla ya yote: hakikisha si wewe, wala si jengo

Zima swichi kubwa ya stima nyumbani mwako, ukae kimya dakika tano. Si mara moja wala mbili "mngurumo wa jirani" umekufa papo hapo pamoja na friji la mlalamikaji, au panka lililolegea dari ya chumbani kwake.

Stima ikiwa bado imezimwa, tembea na sikio lako. Weka sikio ukutani, kwenye nguzo, kwenye bomba la bafuni, kisha dirishani. Sauti inayopita hewani, kama maneno ya watu au televisheni, huzidi ukikaribia dirisha, tundu la hewa la bafuni au upenyo wa chini ya mlango. Sauti ya kishindo hupita ndani ya zege, kwa hiyo utaisikia zaidi kwenye nguzo na ukuta. Hii ya pili ni mwongo mkubwa kwa upande inakotoka. Kinu kikitwangwa ghorofa ya nne, ubavu wa kushoto, mtu wa ghorofa ya pili ubavu wa kulia ataapa ni juu ya kichwa chake. Basi waulize wa kando na wa chini kama wao pia wanaisikia, na wapi inawasumbua zaidi. Watu watatu wakisikia wote, unaanza kupata ramani.

Halafu toka nje ya jengo kabisa. Ukifika kwa ndugu yako Kisauni na ule mvumo bado uko nawe, umeubeba mwenyewe masikioni. Hiyo si kesi ya kamati, ni ya daktari wa masikio, na usiiache ikakaa.

Andika kwa siku saba: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokwisha, aina ya sauti, chumba ulichokuwa. Mistari saba tu. Hasira haina kumbukumbu nzuri. Kuna baba mmoja aliyeapa kwamba anasumbuliwa "kila siku, usiku kucha", alipoandika akakuta ni Ijumaa na Jumamosi, saa nne hadi saa sita. Kesi ya siku mbili kwa juma ni nyepesi mno kuitatua.

Dalili: dum-dum ya muziki, maneno ya wimbo huyasikii

Ukuta wa bloki huzuia sauti nyembamba vizuri tu, lakini besi huupita. Ndiyo maana unasikia mapigo bila wimbo, na ndiyo maana kufunga dirisha hakusaidii kitu.

Sababu ya kwanza: wufa, ile spika ya besi, imewekwa chini sakafuni, imeegemea ukuta mnaoshirikiana, na mara nyingi iko pembeni mwa chumba. Pembe huikuza besi. Ya pili: kitufe cha besi kimezungushwa hadi mwisho. Ya tatu: sauti haitoki jengoni, ni gari lililosimama chini au baa ya mtaa wa pili. Kwa hiyo hakikisha kutoka kwenye roshani kabla hujamtuhumu mtu.

Ukienda kwa jirani, usimwombe kwanza apunguze, mwombe asogeze. Mtu akiambiwa apunguze husikia anaamrishwa ndani ya nyumba yake. Wufa ikitoka pembeni, ikaondoka ukutani hatua moja au mbili, ikawekwa juu ya kipande cha sponji nzito au tairi kuukuu, wa chini yake husikia tofauti na mwenye muziki hasikii kitu kimepungua. Ikiwa bado haitoshi, hapo ndipo mnaongea besi.

Kijana wa ghorofa ya tatu tulimtengeneza hivi: mama wa chini alibaki kwake na simu sikioni, mimi nikawa juu na kijana. Tukapandisha sauti kidogo kidogo. "Hapo sisikii… hapo sisikii… hapo! Hapo ndipo kikombe kinapotikisika kabatini." Kijana akacheka, akakata kipande cha seloteipu, akakibandika kwenye kitufe cha sauti: baada ya saa tatu usiku haivuki hapo. Seloteipu imeshakuwa ya manjano na bado ipo. Alikuwa hajui kabisa kwamba kuna kikombe kinatikisika.

Na trei za mayai ukutani, ambazo kila mtu ana binamu aliyempa ushauri wa kuzibandika, hazizuii sauti ya jirani. Hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako mwenyewe, basi. Besi huzuiwa na uzito, na trei ni karatasi.

Dalili: hatua, viti kukokotwa, vishindo juu ya kichwa

Hii ndiyo dalili iliyojaza daftari langu, na wengi wanaolalamikiwa hawana kosa. Nyumba zetu ni zege iliyowekwa vigae, hakuna kitu laini katikati. Hapo hata mtu mwenye adabu zake, akiangusha kijiko, wewe wa chini unasikia sufuria.

Anza na viti na meza. Mkokoto mfupi mfupi wakati wa chakula ni miguu ya viti isiyo na mpira. Mipira ya miguu ya viti huuzwa kwenye maduka ya vifaa kwa bei ndogo, na fundi wa baiskeli atakukatia vipande vya tyubu kuukuu ukimwomba vizuri. Mimi huwa nawapelekea majirani wenyewe, paketi mkononi. Ni vigumu mtu kukasirikia paketi ya mipira ya viti.

Kisha kuna watoto. Mtoto wa miaka minne hatembei, hukimbia. Mkeka peke yake ni mwembamba mno. Zulia lenye sponji chini yake, kwenye njia wanayopita kutoka sebuleni kwenda chumbani, hufanya kazi. Kingine ni kupatana saa. Kabla ya saa mbili usiku mtoto ana haki ya kucheza kwao.

Halafu jikoni, na hapa ndipo pwani tulipo na yetu. Kinu na mchi. Mbuzi ya kukunia nazi, inayorukaruka na mwenye kuikalia. Kila pigo la mchi linashuka moja kwa moja kwenye sakafu. Dawa ni gunia lililokunjwa mara nne, au kipande cha tairi la gari chini ya kinu, na kukisogeza karibu na ukuta au nguzo, maana katikati ya chumba sakafu hutikisika zaidi. Mwezi wa Ramadhani sauti hizi hupanda saa tisa na saa kumi za alfajiri, wakati wa daku, pamoja na blenda. Kwenye jengo letu hatuandikishi malalamiko ya daku. Tulichokubaliana ni kwamba vitu vya kutwanga na kusaga vitwangwe jioni yake. Wenzetu Wakristo wa ghorofa ya pili ndio waliotoa wazo hilo, na mama zetu wakaona lina akili kuliko kuamka mapema.

Viatu vya visigino na mashine ya kufulia ni nadra zaidi. Mashine ikitembea inapokamua, haijakaa sawa: miguu yake huzungushwa kwa mkono kupanda na kushuka mpaka isicheze, kisha iwekewe mpira chini.

Usigonge dari yako kwa fimbo ya ufagio. Najua inashawishi. Lakini aliye juu hajui wewe umekasirikia nini, anajua tu umemgongea, na kesho yake mna kesi mbili.

Kuhusu dari ya jipsamu: ikining'inizwa moja kwa moja kwenye zege, kishindo kitapita kama kawaida. Ili isaidie, yafaa ishikwe na vishikizo vyenye mpira na ijazwe sufi ya kuzuia sauti, na hata hivyo sauti kiasi itashuka kupitia kuta. Ni gharama kubwa kwa nyumba ya kupanga. Iwe ya mwisho kabisa.

Dalili: kugonga, kutetema au kunguruma ndani ya ukuta, zaidi usiku

Sasa turudi kwa mama wa Lamu. Mombasa maji ya mfereji huja kwa zamu, na majengo mengi hukusanya maji kwenye tangi la chini kisha pampu huyapandisha juu ya paa. Zamu ikiangukia usiku, pampu nayo ni ya usiku. Kwa hiyo kelele ya saa nane inayorudi kwa mpangilio, siku za maji tu, usiitafutie mwenyewe kwenye milango ya watu.

Jaribio: sauti ikianza, weka kiganja kwenye bomba lililo wazi, bafuni au kwenye ngazi. Likitetema sawasawa na sauti, umempata. Mpigie keateka umuulize kitu kimoja: pampu inafanya kazi sasa hivi? Usiku ule mimi na keateka tulipanda hadi paani na tochi. Tangi lilikuwa karibu kujaa, boya linalofunga maji tangi likijaa linaelea, linajifunga nusu, wimbi linalisukuma, linafunguka, linajifunga. Kila likijifunga, bomba lote la kupandisha maji lilikuwa likiruka na kugonga ukuta, kwa-kwa-kwa, kupita chumbani kwangu. Fundi alibadilisha boya, akaongeza vibano viwili kwenye bomba. Kazi ya asubuhi moja.

Sababu za kawaida, kwa mfuatano, ni hizi: vibano vya bomba vimelegea, boya limechakaa, vali inayozuia maji kurudi chini inafunga kwa kishindo pampu inapozimika (husikika pigo moja kubwa, halafu kimya), na pampu yenyewe imefungwa kwenye zege bila mpira, au beringi zake zimekwisha, hapo jengo zima huvuma kama nyuki.

Kukaza kibano anaweza keateka. Pampu hapana. Usiifungue wala kuigusa wiring yake, hata ikiwa imezimwa, kwa sababu kapasita ya mota huweza kubaki na umeme, na chumba cha pampu mara nyingi sakafu yake ni maji. Hapo anaitwa fundi wa stima mwenye leseni, na bili ni ya mwenye nyumba.

AC ya nje inayonguruma ukutani ni ndugu wa pampu: mabano yamelegea au mipira imeliwa na jua na chumvi. Mwambie jirani unapomkuta, maana yeye aliye ndani na madirisha yamefungwa haisikii.

Dalili: mazungumzo yao unayasikia neno kwa neno

Ukisikia maneno yenyewe, pana tundu. Angalia mlango wa mbele kwanza (upenyo wa chini unazibwa kwa ukanda wa mpira), kisha tundu la hewa la bafuni linaloshirikiana, kisha soketi mbili zilizowekwa mgongo kwa mgongo kwenye ukuta mmoja. Mara chache utakuta ukuta wa katikati haukufika kwenye zege, uliishia juu ya dari ya mbao. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, si yako wala ya jirani.

Halafu kuna wazee. Mzee wa ghorofa ya kwanza alikuwa akiweka taarifa ya habari ya saa moja kiasi kwamba sisi wengine hatukuhitaji televisheni. Kijana wa mlango wa pili alishamfokea ngazini. Mimi nilikwenda na shikamoo, nikanywa kahawa, nikakaa kwenye kiti chake. Televisheni ilikuwa upande wa pili wa sebule, na mzee sikio moja limekwenda. Mwanawe alimnunulia spika ndogo, ikawekwa kando ya kiti chake, pale begani. Sauti ya televisheni ikashuka siku hiyo hiyo.

Dalili: kelele za kuja na kwenda

Sherehe ya mara moja, harusi, mechi za ligi ya Uingereza: meza mate. Matanga hayahesabiwi kabisa. Pandisha viti vyako vya plastiki uwaazime.

Tatizo ni nyumba iliyogeuzwa ya kupangishwa wageni wa siku mbili tatu. Kuzungumza na wageni ni kuteka maji kwa pakacha, kesho kuna wengine. Tafuta mwenye nyumba hiyo, mpelekee mistari yako saba, adai amana kwa wageni na abandike mlangoni saa za utulivu. Ikiwa nyumba zenu zimeuzwa mojamoja kwa hati chini ya Sectional Properties Act ya 2020, wamiliki wana shirika lao lenye kanuni. Hapo ndipo pa kulisemea.

Mtoto mchanga anayelia usiku hana dawa. Pamba ya masikio, na sahani ya viazi karai ukiweza.

Simama hapa: hii si kesi ya kelele

Mayowe ya kuomba msaada, vipigo, mtoto anayelia kwa namna ya hofu: usiingie peke yako na usingoje kuandika siku saba. Amsha majirani, piga 999 au 112. Kwa ukatili wa kijinsia kuna 1195, kwa mtoto 116, na zote mbili hazitozwi.

Milio ya kupasuka kutoka kwenye nguzo au ukuta, ikifuatana na nyufa mpya, au milango iliyokuwa ikifunga vizuri sasa inakwama: toeni watu, kisha mpige simu kaunti mkiwa nje. Jengo la Huruma, Nairobi, liliporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 watu wakiwa ndani.

Na usimzimie jirani stima kwenye kisanduku cha mita. Ni hatari kwa uhai wako, na ukishafanya hivyo mkosaji ni wewe.

Umezungumza, hakuna lililobadilika

Kwanza jiulize ulizungumza vipi. Saa sita za usiku huku unatetemeka kwa hasira, hayo hayakuwa mazungumzo. Nenda siku ya pili, Jumamosi asubuhi au baada ya magharibi, peke yako. "Hodi. Mimi ni jirani yako wa chini. Sidhani kama unafahamu, lakini sauti inashuka mpaka chumbani kwetu. Ukipata nafasi, shuka usikilize." Kumwalika ashuke ndiyo dawa, wengi hurudi juu wamenyamaza.

Ikishindikana mara mbili, keateka. Kisha ajenti au mwenye nyumba, kwa maandishi, pamoja na daftari. Kisha wazee wa nyumba kumi au chifu, ambao humaliza kesi nyingi kwa kuwakalisha tu pamoja.

Sheria ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinahesabu usiku kuanzia saa 2:01 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, na ndani ya nyumba za makazi kiwango ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 45 mchana na 35 usiku. Ujenzi kwenye makazi huruhusiwa desibeli 60, lakini mchana wake huishia saa 12:00 jioni. Kila desibeli 10 zikiongezeka, sikio huona kama sauti imezidi maradufu, kwa hiyo 55 saa tano usiku si "kidogo tu". Programu ya simu si kipimo cha ushahidi. Itumie kulinganisha usiku mmoja na mwingine. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, basi anzia ofisi ya mazingira ya kaunti, kisha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Wao ndio huja na mashine yao ya kupimia.

Daftari langu lina kesi moja tu iliyofika huko, ya karakana ya kuchomelea iliyofunguliwa chini ya jengo. Na moja iliyoisha kwa mpangaji kuhama, aliyekuja kwangu kuniuliza aangalie nini huko aendako. Nikamwambia akaitazame nyumba hiyo Jumamosi saa tatu usiku badala ya asubuhi, agonge kuta asikie kama zinalia kama zina uwazi ndani, aulize aliye juu ana watoto wangapi, na chumba cha kulala kisipakane na ngazi wala lifti. Kisha amuulize keateka tangi hujazwa saa ngapi.